Kueleza Lugha Isiyo na Msemaji: Njia Tatu za Australia, na Suala la Hiari na Lazima

Mwanaisimu anayeandika sarufi ya lugha hai akikwama humwendea msemaji na kumuuliza. Anayeandika sarufi ya lugha ambayo msemaji wake wa mwisho alifariki miaka mia moja iliyopita hana wa kumuuliza. Anazo karatasi tu, nazo ziliandikwa na mtu mwingine kwa haja zake mwenyewe. Kwa hiyo kila kanuni atakayoiandika inabeba swali ndani yake: je, hili nimelazimika kulisema kwa nguvu ya ushahidi, au nimelichagua? Hapo ndipo kazi ya kueleza lugha zilizotoweka za Waaborijini wa Australia inapokutana na mjadala mkongwe wa wanafalsafa kuhusu hiari na lazima, mjadala ambao wengi wa wasomaji wa pwani waliusikia kwanza darsani, katika habari za kadari na matendo ya mja.

Waingereza walipoanzisha koloni lao huko Sydney mwaka 1788, bara la Australia lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Leo ni takribani 12 tu ambazo watoto bado wanazipokea kwa wazazi wao kama lugha ya kwanza. Nyingine zina wazee wachache, na nyingi hazina msemaji kabisa, ingawa wajukuu wa wasemaji hao hupendelea kusema kwamba zimelala. Kwa lugha za kundi hili la mwisho, kazi iliyofanyika Australia imefuata njia tatu zinazoweza kutofautishwa: kueleza kilichomo katika nyaraka na kuishia hapo, kuijenga upya lugha moja kwa kufuata nyaraka zake, kama walivyofanya watu wa Kaurna wa uwanda wa Adelaide, na kuunda lugha moja kutokana na mabaki ya lugha nyingi, kama ilivyofanyika Tasmania kwa palawa kani. Makala haya yanazilinganisha kwa ajili ya mtu anayepaswa kuchagua mojawapo. Hoja yangu, niitangulize mapema, ni kwamba kinachoamua si wingi wa maneno yaliyosalia bali ni kama zimesalia sentensi.

Njia ya nyaraka

Njia ya kwanza ndiyo yenye nidhamu kali kuliko zote. Mwanaisimu hukusanya kila kilichoandikwa, hulinganisha tahajia, hukisia sauti zilizokuwa nyuma ya herufi, kisha hueleza kile tu ambacho ushahidi unakibeba. Mfano wake mzuri ni lugha ya Sydney. William Dawes, ofisa wa jeshi la majini aliyefika na msafara wa kwanza wa mwaka 1788, alijaza madaftari machache mwaka 1790 na 1791 akifundishwa na msichana aitwaye Patyegarang. Madaftari hayo yalikaa London bila kutambuliwa na watafiti wa Australia hadi mwaka 1972, yalipoonekana katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, ile ile inayohifadhi hati nyingi za tenzi za Kiswahili. Dawes aliondoka Australia mwishoni mwa mwaka 1791, yaani alikuwa na muda mfupi sana, lakini alifanya jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulifanya: badala ya kuorodhesha nomino peke yake, aliandika vitenzi katika hali zake mbalimbali, pamoja na maneno ambayo yeye na Patyegarang waliambiana. Ndiyo maana kutokana na kurasa chache hizo inawezekana kusema jambo la maana kuhusu jinsi kitenzi cha lugha hiyo kilivyobeba wakati na mtenda.

Lazima ya njia hii inaonekana vizuri katika sauti. Lugha nyingi za Australia hazitofautishi b na p, wala d na t, wala g na k. Sikio la Mwingereza lilisikia mara hiki mara kile, na mwandishi akaandika neno moja kwa tahajia mbili. Anayeeleza leo hana hiari hapo: ni lazima ayaunganishe. Tena, maneno mengi ya lugha hizo huanza kwa sauti ambayo sisi huiandika ng', kama katika ng'ombe, na ambayo Kiingereza hakiiruhusu mwanzoni mwa neno. Wengi wa waandishi wa Kiingereza waliidondosha au waliiandika n. Dawes aliiandikia alama ya pekee, na kwa hilo tu anastahili shukrani. Nadhani msemaji yeyote wa Kiswahili au wa Kikikuyu angekuwa shahidi bora wa lugha hizo kuliko nusu ya watu walioziandika.

Lazima hiyo hiyo huzuia pia makisio mepesi. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipofanya utafiti wa Mbabaram, lugha ya kaskazini mwa Queensland iliyokuwa ikiisha, aliambiwa kwamba mbwa huitwa dog. Mtu asiye makini angehitimisha kwamba neno limeazimwa kutoka Kiingereza, au angejenga nadharia ya ajabu kuhusu uhusiano wa mabara mawili. Dixon alionyesha kwamba limetokana na gudaga, neno ambalo lugha jirani ya Yidiny imelihifadhi, kwa mabadiliko ya sauti yale yale yaliyoyapitia maneno mengine ya Mbabaram. Kufanana na Kiingereza ni sadfa. Umbo lenyewe ni la lazima. Isimu historia imejengwa juu ya imani hiyo kwamba sauti hubadilika kwa kanuni, na hakuna tawi la elimu ya lugha lililo karibu zaidi na mwanafalsafa Spinoza, aliyesema kwamba kitu ni huru pale kinapokuwapo na kutenda kwa ulazima wa asili yake chenyewe, si pale kinapokosa sababu.

Udhaifu wa njia hii hauko katika ukweli wake. Inazaa kitabu sahihi ambacho hakuna mtoto atakayekisoma. Nyaraka zinaponyamaza, nayo hunyamaza: hakuna neno la shangazi, basi shangazi hana jina. Kwa mtafiti huo ni uaminifu. Kwa mjukuu wa Patyegarang ni kuambiwa kwamba mipaka ya yale aliyouliza ofisa mmoja Mwingereza ndiyo mipaka ya lugha ya bibi yake.

Njia ya Kaurna

Kaurna ilikuwa na bahati ndani ya msiba wake. Koloni la Australia Kusini lilitangazwa Desemba 1836, na Oktoba 1838 wakafika wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Christian Gottlob Teichelmann na Clamor Wilhelm Schürmann, waliotumwa na chama cha misheni cha Dresden. Waliamini kwamba Injili ihubiriwe kwa lugha ya watu wenyewe. Walijifunza kwa wazee waliojulikana kwa majina hadi leo, Mullawirraburka, Kadlitpinna na Ityamaiitpinna, na mwaka 1840 wakachapisha sarufi yenye msamiati wa maneno kama 2,000 na sentensi zipatazo 200. Desemba 1839 walikuwa wamefungua shule mahali paitwapo Piltawodli, ambako watoto walisoma na kuandika Kaurna. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1845 na watoto wakapelekwa katika shule ya Kiingereza. Ivaritji, binti wa Ityamaiitpinna, anayehesabiwa mara nyingi kuwa mtu wa mwisho aliyeijua lugha hiyo tangu utotoni, alifariki mwaka 1929.

Kuna chanzo cha pili, na safari yake inapita barani kwetu. Teichelmann aliendelea kuikusanya lugha hiyo hata baada ya misheni kushindwa, na hati yake ya kamusi ya mwaka 1857 aliipeleka kwa Sir George Grey, aliyekuwa gavana wa Australia Kusini na ambaye wakati huo alikuwa gavana wa koloni la Rasi, kusini mwa Afrika. Hati hiyo imo Cape Town hadi leo katika mkusanyo wa Grey, mkusanyo ambao Wilhelm Bleek, yule yule aliyelipa kundi la lugha zetu jina la Kibantu, ndiye aliyeuorodhesha. Hati hiyo ina thamani kubwa kwa sababu inaonyesha maneno yakiwa yanafanya kazi ndani ya matumizi, si katika orodha tu.

Kwa hiyo Kaurna ina sentensi, na kutokana na sentensi hizo tunajua mambo ambayo orodha isingetuambia. Tunajua kwamba nafsi zake zina umoja, uwili na wingi: ngai ni mimi, ngadli ni sisi wawili, ngadlu ni sisi wengi. Aliyesoma Kiarabu hatashangaa, lakini kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye hana uwili, hilo ni jambo ambalo hawezi kulibuni wala kulipuuza. Kila atakaposema sisi atalazimika kuamua ni wangapi. Tunajua kwamba mtenda wa kitenzi elekezi, yaani kinachohitaji mtendwa, huwekewa kiambishi ambacho mtenda wa kitenzi kisichoelekezi hanacho, na kwamba mahali huonyeshwa kwa kiambishi mwishoni mwa nomino, kama -ni yetu ya mjini na shambani.

Kazi ya kuirejesha ilianza kupata umbo mwaka 1990, kwa warsha ya kutunga nyimbo katika lugha za Adelaide na jirani zake, na tangu mwaka 2002 imeongozwa na kamati ya Kaurna Warra Pintyanthi, iliyowaunganisha wazee kama Lewis O'Brien na Alitya Wallara Rigney na wanaisimu, hasa Rob Amery wa Chuo Kikuu cha Adelaide. Utaratibu wao ndio unaonivutia. Neno linapohitajika, kwanza hutafutwa katika vyanzo. Lisipokuwamo, huundwa kwa mashina na viambishi vya Kaurna yenyewe. Ikishindikana, hutazamwa lugha za ukoo mmoja zilizo jirani, kama Narungga, Nukunu na Adnyamathanha, ambazo baadhi yake Luise Hercus aliwahi kuwarekodi wasemaji wake kwa kanda. Jirani hao ndio pia wanaoamua matamshi: wamisionari hawakutofautisha vizuri aina mbalimbali za r na za t, na pale Nukunu inapoonyesha t ya ulimi uliokunjwa katika neno lile lile, Kaurna hupewa sauti hiyo.

Tazama nambari. Vyanzo vina majina ya kuhesabia hadi nne tu: kuma, purlaityi, marnkutyi, yarapurla. Mwalimu wa hesabu hawezi kuishia hapo. Kamati haikuazima namba za Kiingereza, wala haikubuni sauti kutoka hewani. Iligundua kwamba Wakaurna walikuwa na mfululizo wa majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea hadi wa tisa, wavulana kwa umbo lao na wasichana kwa lao; wakaondoa mwisho unaoonyesha jinsia na kubaki na shina, hivyo tano ikawa mila, sita marru, saba wangu. Hakuna Mkaurna wa mwaka 1840 aliyehesabu hivyo. Lakini kama angesikia, angeelewa kwa nini. Kwa kompyuta waliunda mukarntu, kutokana na neno la ubongo na neno la radi. Sisi nasi tulipewa tarakilishi, na wengi wetu bado tunasema kompyuta. Hapo kuna funzo dogo kwamba aliye huru kuunda neno hana uhuru wa kuwalazimisha watu walitumie.

Katika lugha ya wanafalsafa, hii ni hiari iliyomo ndani ya lazima. Hume, mwaka 1748, alisema kwamba uhuru na ulazima havipingani: mtu ni huru anapoweza kutenda au kutotenda kulingana na utashi wake, na utashi huo wenyewe una sababu zake. Wanateolojia wa Kiislamu wa Kiashari, karne nyingi kabla yake, walikuwa na istilahi inayofaa zaidi, kasb, yaani kuchuma: tendo limeumbwa na Mungu, lakini mja analichuma na linakuwa lake. Kamati ya Kaurna haikuumba mashina wala viambishi. Imeyachuma kwa kuyatumia katika mazishi, katika hotuba za kukaribisha wageni, na darasani.

Gharama zake zisifichwe. Ni kazi ya zaidi ya miaka 30 ambayo bado haijazaa kizazi cha wasemaji wa nyumbani. Wanaojifunza wote ni wasemaji wa Kiingereza, na mpangilio wa Kiingereza huingia katika sentensi zao bila kualikwa. Makosa ya wamisionari hurithiwa pia. Na njia yenyewe inawezekana kwa sababu moja tu: Wajerumani wawili walikuwa na subira ya kuandika sentensi. Schürmann huyo huyo alihamia baadaye Port Lincoln na mwaka 1844 akachapisha kitabu cha lugha ya Barngarla, nayo leo inarejeshwa. Penye Schürmann pana njia ya pili. Pasipo na mtu wa namna yake, mara nyingi haipo.

Njia ya palawa kani

Tasmania hakukuwa na Schürmann. Waingereza waliweka makazi Risdon Cove mwaka 1803. Katika miaka ya 1820 vita vya kuwaondoa wenyeji viliwamaliza wengi. Waliosalia walipelekwa kisiwa cha Flinders, na mwaka 1847 watu 47 tu walirudishwa Oyster Cove karibu na Hobart. Truganini, aliyefariki mwaka 1876, alitangazwa kuwa wa mwisho wa watu wake, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa jamaa wa wenyeji hao walikuwa wakiishi katika visiwa vya mlango bahari wa Bass na kwingineko, na wajukuu wao wapo leo.

Lugha za kisiwa hicho ziliandikwa na watu wengi: mabaharia wa Kifaransa wa mwaka 1792 na 1793, kisha George Augustus Robinson katika safari zake za kuwakusanya wenyeji, kisha daktari Joseph Milligan. Karibu kila walichoacha ni orodha za maneno, kwa tahajia za ovyo, na nyingine ziliandikwa kambini ambako watu wa lugha mbalimbali walikuwa wamechanganywa, hata isijulikane neno ni la nani. Mtafiti Plomley alizikusanya orodha hizo katika kitabu kimoja mwaka 1976. Mwaka 2012 mwanaisimu Claire Bowern alizichambua kwa mbinu za takwimu na kukadiria kwamba nyuma yake kuna lugha 12 katika makundi matano. Hiyo ni kazi safi ya njia ya kwanza, na ni kweli pia kwamba hakuna hata moja ya lugha hizo 12 ambayo imeacha sarufi inayotosha kusemeka. Sauti pekee iliyorekodiwa ni ya Fanny Cochrane Smith, aliyeimba katika silinda za nta mwaka 1899 na 1903 na kufariki mwaka 1905.

Kituo cha Waaborijini wa Tasmania, kilipoanza mradi wa lugha mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa na chaguo la kukaa kimya au kuunganisha. Kiliunganisha. Maneno yalichukuliwa kutoka lugha mbalimbali za kisiwa, yakawekwa katika tahajia moja, na sarufi ikawa nyepesi kwa sababu vyanzo havina nzito ya kutoa. Lugha hiyo, palawa kani, huandikwa kwa herufi ndogo hata katika majina ya mahali: lutruwita ni Tasmania, na mlima unaosimama juu ya Hobart tangu mwaka 2013 una jina rasmi la pande mbili, kunanyi / Mount Wellington. Kituo hicho hudai pia haki ya kuamua nani aitumie na kwa nini. Kiliwahi hata kuiomba Wikipedia iondoe makala kuhusu lugha hiyo, na ombi likakataliwa kwa hoja kwamba lugha haiwezi kumilikiwa kwa hakimiliki.

Mtu wa njia ya kwanza husikia habari hii akakunja uso. Mimi nadhani anaharakisha. Kant alifundisha kwamba kuwa huru si kufanya lolote linalokujia, bali ni kujitungia sheria na kuitii. Palawa kani ni uhuru wa namna hiyo: jamii iliyonyang'anywa kila lazima ya ndani ya lugha zake imejiwekea lazima mpya, kuanzia tahajia hadi idhini ya matumizi, na inaifuata. Wasomaji wa Kiswahili tunafahamu kitu kinachokaribiana nayo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kukiacha Kimvita pamoja na fasihi yake yote, na uamuzi huo ulikuwa wa hiari, si wa isimu. Tofauti ni kwamba Wamvita walikuwapo kulalamika na kuendelea kutunga. Tasmania lugha zilizochanganywa hazina wa kulalamika, na kwa hiyo hiari ya mchanganyaji ni kubwa mno kiasi cha kutisha kidogo. Si vikundi vyote vya wenye asili hiyo kisiwani vinavyoikubali, na ninaelewa kwa nini.

Kosa kubwa ambalo njia hii hukaribisha ni la wasomaji wake kuliko la waundaji wake. Mgeni akiona kunanyi kwenye kibao huamini kwamba palawa kani ndiyo lugha iliyosemwa kisiwani mwaka 1803. Sivyo. Ni lugha mpya ya watu wa kale, na mwanaisimu atakayeitumia kama ushahidi kuhusu sarufi za zamani za Tasmania atakuwa ameihesabu hiari kuwa lazima.

Lazima iliyotengenezwa na watu

Kabla ya kuchagua, kuna jambo ambalo ulinganisho wa kiufundi hulificha. Hume ana mfano wa mfungwa asiye na fedha wala mtu wa kumtetea, ambaye akitafakari jinsi ya kutoroka huona kwamba ugumu wa moyo wa mlinzi unamzuia sawasawa na kuta. Hume alitaka kuonyesha kwamba matendo ya watu nayo yana ulazima kama wa mawe. Mfano huo unafaa kwetu kwa upande wake wa pili. Pengo katika nyaraka linaonekana kama ukuta, yaani jambo la asili, kama vile maneno yalikauka yenyewe. Lakini shule ya Piltawodli haikujifunga; kuna mtu aliyeamua mwaka 1845 kwamba watoto wa Kaurna wasome Kiingereza peke yake. Lugha za Tasmania hazikuchanganyika kambini kwa kupenda kwao. Lazima inayomkabili mwanaisimu leo ni hiari ya mtu mwingine ya jana.

Hili halibadilishi ushahidi hata kwa herufi moja. Linabadilisha tu uzito wa hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya njia ya pili na ya tatu, kwamba kuunda neno jipya ni kuichafua lugha. Anayesema hivyo huchukulia kwamba hali ya nyaraka ni hali halali ya lugha, na kwamba anayeongeza ndiye mwingiliaji wa kwanza. Si wa kwanza. Kwa upande mwingine, dhuluma iliyolifanya pengo haimpi mtu yeyote kibali cha kulijaza kimya kimya na kuonyesha kwamba halikuwapo, kwa sababu kufanya hivyo ni kuufuta ushahidi wa dhuluma yenyewe.

Ipi uichague

Kama vyanzo vyako vina sentensi, hata mia mbili tu, chagua njia ya Kaurna, mradi jamii yenye lugha hiyo ipo na imeomba. Sentensi hubeba kile ambacho hakiwezi kuchaguliwa neno kwa neno: mpangilio, upatanisho, jinsi kitenzi kinavyobeba wakati, jinsi mtenda anavyotofautishwa na mtendwa. Ukiwa na vitu hivyo, neno jipya linaingia katika nyumba iliyokwisha kusimama, na lugha inabaki ile ile kwa maana inayoweza kutetewa. Jiandae kwa kazi ya kizazi kizima, na uwe na mtu mmoja angalau anayeweza kusoma lugha za jirani.

Kama una orodha za maneno peke yake, usijidanganye. Msamiati wa maneno 3,000 bila sentensi hukuacha huru katika kila jambo lenye uzito, na kwa hiyo utakachokijenga kitakuwa chako. Hapo njia ya tatu ni halali, tena inaweza kuwa ndiyo pekee inayowapa watu majina ya milima yao, lakini inahitaji chombo kimoja kinachoaminiwa kuamua, na inahitaji kutajwa waziwazi kuwa ni lugha iliyoundwa. Isipokuwapo jamii iliyoungana, maneno yale yale yataundwa mara tatu kwa namna tatu, na ugomvi wa tahajia utakula miaka.

Njia ya kwanza si ya kuchagua badala ya nyingine; ni ya kuanzia kwa kila mmoja. Mtu anayeikwepa kwa sababu ni kavu atashindwa baadaye kujua ni lipi alilikuta na ni lipi alilitunga. Ikiwa hakuna jamii inayoomba zaidi, basi iishie hapo, na mtafiti asijipe mwenyewe mamlaka ya kuihuisha lugha ya watu ambao hawajamtuma.

Suala hili si la Australia peke yake. Tanzania imepoteza lugha za Aasax na Kw'adza katika kumbukumbu za watu walio hai, na zote mbili zimebaki zaidi katika orodha za maneno zilizokusanywa karne ya 20. Kenya, Wayaaku wa msitu wa Mukogodo walihamia Kimaasai, na baadhi yao wamejaribu kuirudisha lugha yao wakiwa na maelezo ya sarufi yaliyoandikwa wakati wazee bado wanaikumbuka. Kwa kipimo nilichokitaja, Yaaku iko karibu na Kaurna, na zile mbili za Tanzania ziko karibu na Tasmania.

Kwa yeyote atakayeanza kazi ya namna hiyo ningependekeza kamusi yenye safu tatu kwa kila neno. Ya kwanza iwe na umbo kama lilivyoandikwa katika chanzo, kwa tahajia yake mbovu bila kurekebishwa, pamoja na jina la mwandishi na mwaka. Ya pili iwe na umbo lililokisiwa kwa kulinganisha lugha jirani, likiwa na kinyota mbele yake kama desturi ya wanaisimu ilivyo. Ya tatu iwe na umbo linalotumiwa na jamii leo, lililochaguliwa au kuundwa, na tarehe ya kikao kilicholipitisha. Maneno mengi yatakuwa na safu moja au mbili tu zilizojazwa. Safu mbili za kwanza mtafiti anaweza kuzijaza akiwa maktabani. Ya tatu aiache wazi mpaka wenye lugha wakutane.